Uzi wa Kijani

Watu wa kwao, nje kidogo ya Oyugis huko Kenya, walimjua Rispah wa Saudia kwa picha moja. Ameketi kwenye kochi jekundu lenye nakshi za dhahabu, amevaa gauni lake la kanisani, mkononi ana glasi ya sharubati, na nyuma yake pazia zito limeshuka mpaka sakafuni. Amekumbatia mto wa kochi kama mtu anavyombeba mtoto. Anatabasamu. Mama yake aliipeleka studio ikachapishwa kubwa, akaitundika ukutani juu ya redio.

Rispah mwenyewe ndiye aliyenieleza ilivyopigwa. Kila Ijumaa familia aliyoitumikia Riyadh ilikwenda istiraha, nyumba ya mapumziko nje ya mji, ikarudi jioni. Yeye alifungiwa ndani na kazi zake. Madam alimwachia simu siku hiyo moja tu katika juma, kwa sababu mfanyakazi asiposikika kwao, huanza kuulizwa. Basi Rispah alifanya kazi mbiombio, akaoga, akavua aproni, akatoa gauni lililokunjwa chini ya sanduku, kisha akaenda kuketi mahali alipokatazwa kuketi. Simu aliiegemeza kwenye birika la kahawa. Sharubati ilikuwa mabaki ya watoto.

"Si mimi peke yangu," aliniambia. "Sisi wote. Hata yule anayelala jikoni. Ijumaa ukifungua simu ni makochi tu. Nani atapiga picha ya stoo, dada Muna? Utamtumia nani?"

Stoo ndiko alikolala, chini ya ngazi, kati ya mashine ya kufulia na magunia ya mchele.

Kabla ya kochi alikuwa fundi cherehani. Mumewe alifariki wakati binti yao, Mitchelle, hajaanza kutembea, na ile cherehani ndiyo iliyowalisha. Alishona kwa mkono wa kushoto. Walimu walimpiga fimbo kwa hilo utotoni, lakini hawakufaulu kuuhamisha mkono wake. Kwaya ya kanisa lao ilipotaka majoho mapya ya kijani, kazi alipewa yeye, na aliyekuja kuyapokea alikuwa kiongozi wa kwaya, mtu mmoja jina lake Hezron, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kupeleka watu Uarabuni.

Hezron aligeuza joho nje ndani akautazama mshono. "Mkono kama huu unaozea hapa, dada Rispah," alisema. "Jeddah kuna kiwanda cha sare za shule. Wanatafuta mafundi, si mayaya. Mashine za umeme, unakaa kwenye kiti."

Akamwamini. Mtu aliyesimama mbele ya kanisa zima kila Jumapili, angemshuku vipi? Akaiuza cherehani, akamwacha Mitchelle kwa mama yake, akapanda ndege. Katika mkoba alitia kibiringo kimoja cha uzi wa kijani uliobaki kwenye majoho, kwa sababu fundi hasafiri bila uzi.

Hakushukia Jeddah. Alishukia Riyadh, akapokewa na mzee mwenye duka la manukato huko Dirah, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wake, yaani mwajiri mdhamini wa viza yake, kwenye karatasi. Mzee alichukua pasipoti, akampa maji ya kunywa, na kesho yake akamkabidhi kwa mwanamke mwengine, akaondoka. Rispah alimwona mara mbili tu maishani. Yule mwanamke, madam, alimtia garini, akampeleka kwenye nyumba ambayo mpaka leo haijui imo mtaa gani. Hapakuwa na cherehani. Palikuwa na nyumba tatu za kusafishwa kwa zamu: ya madam, ya mama yake madam, na ya dada yake madam. Alipouliza habari za kiwanda, madam alicheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyeulizwa na mtoto kama mwezi unaliwa.

Katika miezi kumi na sita alishona mara moja tu. Mtoto wa nyumba alikata pembe ya mto wa kochi kwa mkasi, na Rispah, kwa kuogopa kwamba lawama itamwangukia yeye, aliishona upesi kwa uzi aliokuwa nao. Uzi wa kijani kwenye kitambaa chekundu. Madam alipouona alimpiga kofi, kisha akaugeuza mto, pembe ile ikaelekea ukutani, na mambo yakaishia hapo. Lakini kila Ijumaa ya picha Rispah aliugeuza tena.

"Ndiyo kazi pekee niliyoifanya Saudia ambayo ni ya kwangu," alisema.

Mwezi wa kumi na sita aliomba karatasi zake. Madam alikuwa anampa maelekezo ya kupiga nguo pasi, na pasi ilikuwa imewaka. Sitaandika zaidi ya hapo. Kovu lipo kwenye mkono wa kulia, tangu kiwiko mpaka karibu na kiganja.

Likizo ya shule ilipofika, familia ilikuja huku kwetu Jeddah kupunga upepo, nao wakamleta kuangalia watoto. Jioni moja wakiwa ufukweni, madam alimtuma kurudisha chupa ya chai garini. Rispah aliiweka chini ya mti, akavuka barabara, akaingia vichochoro vya mtaa wetu wa Ruwais. Hakuwa na simu wala kitambulisho. Alitembea tu mpaka aliposikia, kutoka dirishani, sauti ya mwanamke ikigomba kwa Kiswahili.

"We paka huna haya! Samaki wa jana umekula wewe, na wa leo unamtaka?"

Huyo alikuwa bibi yangu, Mwanakhamis. Wazee wake walitoka Unguja mwaka sitini na nne naye akiwa mtoto wa miaka sita, na mpaka leo hugomba kwa Kiswahili peke yake. Kiarabu anasema hakitoshi. Rispah alisimama chini ya dirisha akasema, "Mama, naomba maji." Bibi alichungulia, akauona ule mkono, akashuka mwenyewe kufungua mlango.

"Ingia mwanangu. Ingia kwanza, maneno baadaye."

Alikaa kwetu wiki sita. Alikuwa haishi kuomba radhi. Akipewa chai anaomba radhi, akikaa kwenye kiti anaomba radhi. Mara moja tu nilimsikia akicheka kwa kweli, pale Bibi alipotaka kujua kwa nini hamwiti bibi kama wengine.

"Kwetu Kenya bibi ni mke wa mtu," Rispah alisema. "Nikikuita bibi yangu watashangaa."

"Basi lete mahari," akajibu Bibi, "nami sipokei mbuzi mmoja."

Siku ile ile aliyofika, Rispah alimpigia mama yake kwa simu niliyomwazima. Walizungumza Kijaluo, akanitafsiria baadaye. Alisema ametoka kwa bosi, kwamba walikuwa watu wabaya, kwamba yuko kwa watu wema. Hakutaja stoo wala pasi.

"Mbona hukumwambia?" nikamuuliza.

"Ana presha, na ile picha iko ukutani pake. Nitamwambia nini, kwamba niliketi pale kwa kuiba?"

Mama yake hata hivyo alishtuka vya kutosha. Alikwenda kituo cha polisi cha kwao akaandikisha malalamiko juu ya Hezron. Zikapita siku tisa. Siku ya kumi Hezron alifika nyumbani kwa mama huyo na wazee wawili wa kanisa, sukari, unga na mbuzi. Akapiga magoti uani mbele ya majirani. Alisema na yeye alidanganywa na ofisi ya Riyadh, kwamba hapati usingizi. Wazee wakaomba, mbuzi akachinjwa, wakala pamoja. Kwao, mtu mliyekula naye chakula cha upatanisho humpeleki tena mahakamani. Ukifanya hivyo umekitapika chakula, na laana inabaki kwako. Jumatatu mama yake alirudi kituoni akasema hana neno tena na mtu yeyote.

Haya tuliyajua alipopiga simu mwenyewe, na sauti yake ilikuwa na furaha. Kulikuwa na jambo jingine. Hezron, ili kuonyesha kwamba toba yake ni ya kweli, angempeleka Monicah, mdogo wake Rispah, bila kutoza chochote. Viza ilikuwa tayari. Mahali pazuri safari hii, watu waliochunguzwa. Na Monicah akifika atakuwa karibu na dada yake.

Rispah alisimama. Tulikuwa jikoni, Bibi anachambua mchele. Alianza kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na ingawa sijui Kijaluo, nilisikia jina la Monicah mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alisema yote: stoo, nyumba tatu, kufungiwa, pasi. Kisha akasikiliza. Akakaa chini sakafuni.

"Amesema nini?" Bibi akauliza.

"Amesema, mbona siku ile sikusema."

Monicah alichukua simu. Huyo nilimsikia mwenyewe, maana alichanganya Kiswahili kwa makusudi ili walio upande wetu pia wasikie. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, anauza omena, dagaa wa kwao, sokoni.

"Dada, wewe ulikula ukashiba, sasa unafunika sufuria? Miezi yote ile unatupostia makochi, umeng'aa kama sahani. Leo zamu yangu imefika ndiyo kunakuwa jela?"

"Monicah, nisikilize. Zile picha..."

"Zile picha nimezisave. Nikutumie?"

Usiku huo Rispah aliniomba nimpige picha ya mkono. Hakuwahi kumwonyesha mtu ila Bibi na mimi. Aliukunjua mkono wa gauni taratibu, akageuza uso upande mwengine mpaka nikamaliza, kisha akamtumia mdogo wake. Jibu lilikuja kwa sauti, na Monicah safari hii hakuwa akidhihaki. Alikuwa na huzuni.

"Hezron alituambia utatuma hiyo. Alisema ulijiunguza ukipiga pasi, na kwamba uliiba saa ya dhahabu ndiyo ukatoroka. Dada, hata kama ni hivyo mimi sikuhukumu. Lakini usinizuie."

Kuhusu saa Hezron alikuwa amesema kweli kwa namna yake. Yule mzee wa Dirah, kafili wa kwenye karatasi, alikuwa ameandikisha taarifa kwamba mfanyakazi wake Rispah ametoroka na saa ya mkononi.

Nilikuwa nimemaliza kusoma sheria na sina kazi. Si hodari wa kusema mbele za watu, lakini nilijua kusoma jalada, na Kiarabu changu ni cha kuzaliwa nacho, kwa hiyo nilikwenda na Rispah ofisi ya waendesha mashtaka hapa Jeddah nikiwa mkalimani wake. Nilikuwa nimekariri vifungu. Sheria ya nchi hii dhidi ya biashara ya binadamu ni kali: kifungo cha miaka mingi, na wala haijali kama aliyeuzwa alikubali mwenyewe. Ya Kenya nayo ni kali. Hilo kosa ni la dola, mama hawezi kulisamehe kwa niaba ya mwanawe, hata akila mbuzi wangapi. Nilidhani ukali ndio ungetusaidia. Ambacho sikukijua ni kwamba ukali wote huo umefungiwa nyuma ya neno moja linaloandikwa juu ya jalada. Likiandikwa "mgogoro wa kazi", jalada linakwenda meza nyingine, kwa watu wengine, na huko hakuna anayefungwa. Huko watu wanapatanishwa.

Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Alimsikiliza Rispah mpaka mwisho. Kisha akamwita mwakilishi wa kafili, mtu mmoja mnene aliyebeba faili la plastiki.

"Anasema alifanyishwa kazi katika nyumba tatu za watu wasiokuwa makafili wake," ofisa alisema.

"Mafi," alisema yule mtu. Hakuna kitu kama hicho. "Alikuwa nyumbani kwa bosi wangu, Riyadh, siku zote. Kama anasema nyumba nyingine, aseme iko wapi."

Rispah hakujua iko wapi. Aliingizwa usiku na kutolewa kwenye gari la vioo vyeusi.

Yule mtu akafungua faili, akaziweka mezani moja moja. Picha za Ijumaa. Kochi, sharubati, gauni la kanisani. Alikuwa nazo kumi na moja, zile alizozipost Rispah mwenyewe. "Hii ndiyo sebule ya bosi wangu. Tazama mwenyewe, ustadhi. Mtumwa gani anakaa hivi?"

Nilitaka kusema jambo juu ya ridhaa, kifungu nilikuwa nacho kichwani, lakini nilipomwangalia Rispah nikaona ameinamisha uso kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Nikanyamaza nami. Nimejilaumu sana kwa kunyamaza kule.

Ofisa alisema palipo na neno la huyu dhidi ya neno la yule, hawezi kuliita jambo hili jinai. Ni mgogoro wa kazi. Kafili yuko tayari kumpa ruhusa ya kutoka nchini na tiketi, na kuifuta taarifa ya wizi, mradi atie saini kwamba hadai kitu kwa mtu yeyote. Jumapili waje wasaini. Jumanne arudi kwao.

"Yalla, halas," alisema mwakilishi, yaani haya, yamekwisha, akazikusanya picha zake.

Nje kwenye ngazi Rispah aliniuliza, "Nikisaini, nitamwona Mitchelle Jumatano?"

"Ndiyo."

"Na nikifika nitamzuia Monicah kwa mikono yangu. Nitamfungia nyumbani. Hapo si afadhali?"

Sikuweza kumwambia si afadhali. Tangu siku ile alihesabu saa. Monicah alikuwa hapokei simu. Nilikuwa nimeandika barua pepe kwa ofisi mbili za Nairobi kueleza habari za Hezron. Moja ilijibu kwamba barua imepokelewa. Rispah alifunga bila kula kutwa mbili, akisali kwa sauti ndogo chumbani, na Bibi akisali yake sebuleni, kila mmoja na dini yake, wote wakiomba ndege moja, ya Monicah, ichelewe.

Ijumaa alasiri simu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa mama yake.

*Mdogo wako amefika salama. Mungu ni mwema. Sasa nyote mko pazuri.*

Chini yake picha. Msichana ameketi, amevaa gauni la manjano, ameshika glasi. Kochi jekundu lenye nakshi za dhahabu. Pazia zito. Miguuni ana ndara za plastiki, maana hakujua bado kwamba inafaa kuzificha, na pajani amepakata mto ambao pembe yake imeshonwa kwa uzi wa kijani.

Rispah aliisogeza simu karibu na macho. Aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka pembe ile ikajaa kioo chote, akaniletea simu akaniwekea mkononi, kisha akaenda kutapika. Nilimsikia Bibi akimshika, akisema, "Toa, mwanangu, toa yote," naye akisema kati ya kutapika, "Kitanda changu, Mama. Analala kwenye kitanda changu."

Nilichelewa kuelewa. Ofisi inayoleta wafanyakazi humwahidi mwenye nyumba kwamba mmoja akiondoka kabla ya mkataba kwisha, italeta mwengine badala yake. Rispah alipoiacha ile chupa ya chai chini ya mti, Hezron na wenzake walibaki na deni la mtu. Magoti uani, mbuzi, sukari, wazee wa kanisa, yote ilikuwa ni kutafuta wa kujaza stoo. Wakampata nyumba ile ile walikomtoa Rispah.

Hatukuweza kumwonya. Simu yake ilikuwa imeshazimwa. Ingewashwa Ijumaa ijayo, kwa saa moja, apige picha nyingine.

Jumapili asubuhi tulikuwa ofisini kabla ya mlango kufunguliwa. Mwakilishi alikuja akinukia udi, akaweka karatasi mezani, akachomoa kalamu na kuifungua kifuniko kabisa ili isichukue muda.

"Hapa na hapa," alisema.

Rispah aliitazama karatasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaichukua kalamu. Aliishika hivyo kitambo, na najua alikuwa akimfikiria Mitchelle, kwa sababu alikuwa amemnunulia, kwa fedha aliyopewa na Bibi, viatu vya shule ambavyo vilikuwa kwenye mfuko miguuni pake. Kisha akairudisha kalamu mezani na kuweka simu juu ya karatasi.

"Mwambie huyu ni ndugu yangu," aliniambia. "Mwambie amefika wiki hii."

Nilisema. Nilikuwa na nakala ya viza ya Monicah, ambayo Hezron aliwapa familia wakaionyeshe majirani na mama yake akatutumia kwa kujivuna. Ofisa aliandika nambari ya pasipoti kwenye kompyuta yake, akasubiri, akasoma. Akamwangalia mwakilishi.

"Huyu kafili wake ni mwanamke, anwani yake Sulimaniyah. Siye mzee wako wa Dirah."

"Basi hanihusu."

"Kochi la bosi wako limefikaje kwake?"

Yule mtu akacheka. "Ustadhi, makochi haya yanauzwa kila duka. Mama yangu analo."

"Na mama yako ameshonewa mto kwa uzi wa kijani?" Hilo nililisema mimi, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka karani wa meza ya pili akageuka. Nikaona aibu, lakini nikaendelea. Nikawaomba waweke picha mbili sambamba, ile aliyoileta yeye mwenyewe na hii ya Ijumaa.

"Mwambie aangalie mshono," Rispah alisema. Maneno yake yalitoka sawasawa, maneno ya fundi. "Nyuzi zimelalia upande wa pili. Mtu wa mkono wa kulia hawezi kushona hivyo. Nipeni sindano na kitambaa nitashona hapa hapa."

Hawakuwa na sindano. Lakini ofisa aliikuza picha ya kwanza, akaikuza ya pili, akaziangalia kwa muda mrefu. Wanawake wawili, makafili wawili, sebule moja ambayo haiwezi kuwa ya wote wawili. Aliichukua ile karatasi ya kusaini akaiweka pembeni, na akamwambia mwakilishi aache kitambulisho chake na akae nje.

Kisha akaniambia maneno ambayo alitaka Rispah ayaelewe neno kwa neno. Kama jalada litaandikwa biashara ya binadamu, ruhusa ya kutoka haipo tena. Taarifa ya wizi itabaki mpaka isikilizwe. Atahitajika kama shahidi, na atawekwa mahali pa hifadhi, asikae tena kwetu. Muda gani, hajui. Inaweza kuwa miezi. Imewahi kuwa zaidi ya mwaka.

Nilitafsiri. Rispah aliuangalia ule mfuko wa viatu.

"Mitchelle anakua upesi," alisema. "Havitamtosha." Halafu akasema, "Muulize, Monicah watamtoa lini."

Ofisa alisema ataandikia Riyadh leo hii. Lakini anwani ya Sulimaniyah huenda ni ya karatasi tu, duka kama lile la Dirah. Wakienda huko watakuta manukato mengine. Lazima waijue nyumba yenyewe. Je, hakumbuki chochote? Barabara? Jina la mtaa?

"Sikuwahi kutoka kwa miguu," alisema Rispah.

"Alichokiona basi. Chochote."

Akafumba macho. Akaanza kuitoa nyumba ile kipande kipande, nami nikitafsiri, na ofisa akiandika. Geti la kahawia lenye mlango mdogo ndani yake. Msikiti upande wa jua kuchomoza, karibu sana, adhana inatikisa vyombo. Alfajiri gari la gesi linapita likipiga kengele. Jikoni kuna dirisha, na ukisimama kwenye ndoo unaona bango la duka la dawa, usiku linawaka, herufi moja imekufa. Ni ya tatu kutoka kulia. Jirani anafuga njiwa, juu ya paa lake kuna tangi mbili za bluu na moja nyeupe iliyopasuka. Ofisa alijaza ukurasa akageuza wa pili. Alikuwa amesahau chai yake.

"Na huko stoo anakolala ndugu yake," aliuliza, "dirisha linaelekea wapi? Polisi wakizunguka nyumba, walitazamie upande gani?"

Nilimtafsiria. Rispah alifumbua macho.

"Halina upande," alisema. "Hakuna dirisha."